Filamu ya Papo kwa Papo

Kupigwa picha na kuipata picha yalikuwa mambo mawili mbalimbali kwa muda wa miaka mia moja na zaidi. Mtu aliyekwenda studio siku ya Idi, awe wa Mombasa au wa Dar es Salaam, alivaa kanzu yake mpya, akasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, akaambiwa asipepese macho, kisha akarudi nyumbani na kipande cha karatasi chenye namba. Picha ilibaki kwa mwenye studio, gizani, ikingoja kusafishwa. Siku ya kuichukua, Idi ilikuwa imekwisha pita na kanzu imekwisha fuliwa. Hakuna aliyeona ajabu. Kungoja kulihesabiwa kuwa sehemu ya bei.

Mtoto mmoja hakukubali. Mwaka 1943 Edwin Land, mwenye kampuni ya Polaroid katika mji wa Cambridge, Massachusetts, alikuwa mapumzikoni Santa Fe pamoja na jamaa zake. Akampiga picha binti yake, mwenye umri wa miaka mitatu, na binti akauliza kwa nini hawezi kuiona picha ile pale pale. Watoto huuliza mambo ya namna hiyo kila siku, na wazazi huwajibu kwa kuwatuliza. Land alikwenda kutembea peke yake, na baadaye alisimulia kwamba saa moja haikwisha kabla hajaiona njia kichwani mwake. Hadithi za wavumbuzi hupambwa kama maharusi, na hii yafaa kuvuliwa kidani kimoja au viwili, maana kutoka swali hata jibu ilipita miaka minne. Tarehe 21 Februari 1947 Land aliuonyesha uvumbuzi wake mbele ya mkutano wa wataalamu wa elimu ya nuru mjini New York, na tarehe 26 Novemba 1948 kamera zake za kwanza zikauzwa katika duka moja la Boston. Zilizowekwa dukani zote zilikwisha siku ile ile.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kubandua. Jani lenye negativu na jani la picha yalipitishwa pamoja kati ya rola mbili, dawa ikatandazwa katikati, mpigaji akangoja dakika moja hivi, kisha akayabandua. Moja lilikuwa picha. La pili, lenye dawa ya kuunguza vidole, lilitupwa. Picha za mwanzo zilikuwa za hudhurungi, zikafuata nyeusi na nyeupe, na mwaka 1963 zikaja za rangi. Land hakuridhika na takataka ile iliyotupwa. Alitaka picha isiyobakiza kitu, nayo aliipata mwaka 1972 katika kamera ya SX-70, iliyokunjwa ikawa bapa, ikatiwa katika mfuko wa koti. Ilipofunguliwa na kubonyezwa ililia kwa sauti ya mota, ikautoa nje ulimi mweupe usio na kitu, na katika weupe ule, machoni pa watu wote na katika jua kali, uso ukaanza kujitokeza kama mtu anayekaribia katika ukungu.

Yapasa kueleza kilichomo ndani ya jani lile, kwa sababu mashaka yote yaliyofuata yalitoka humo. Katika unene wa kadi chache mna tabaka zaidi ya kumi. Tatu kati ya hizo zina fedha ya kunasa nuru, kila moja na rangi yake: manjano, zambarau nyekundu na samawati. Ukingo mweupe mpana wa chini, ambao watu huandika majina na tarehe juu yake, haukuwekwa kwa ajili ya maandishi. Ndimo vilimofichwa vifuko vya dawa. Jani likipita baina ya rola, vifuko hupasuka na dawa, nzito kama uji, hutandazwa ndani kwa unene mmoja. Dawa ile ina unga mweupe utakaokuwa ardhi ya picha, na ina rangi nyeusi ya ajabu ambayo ndiyo siri ya mambo yote. Rangi hiyo hubaki nyeusi maadamu dawa ina ukali wa namna ya magadi, nayo huifunika negativu isiharibiwe na jua. Tabaka jingine lenye asidi huumaliza ukali huo polepole. Ukiisha, weusi hugeuka kuwa angavu, na pazia hufunguka lenyewe. Chumba cha giza cha mwenye studio, pamoja na mwenye studio mwenyewe, vilitiwa ndani ya jani moja.

Kuna jambo la pili. Betri ya kuiendesha SX-70 haikuwa ndani ya kamera. Ilikuwa chini ya pakiti ya filamu, bapa kama kadi, ikatupwa pakiti ilipokwisha. Kamera ilikula na kunywa katika sahani moja. Mpango huo ulikuwa wa busara kwa mnunuzi, aliyepata betri mpya kila mara, na wa faida zaidi kwa muuzaji. Lakini ulimaanisha kwamba siku filamu itakapokoma, kamera haitakosa picha tu, bali hata sauti yake haitasikika tena.

Siku hiyo ilionekana kuwa mbali sana. Kodak ilipojaribu kutengeneza picha za papo kwa papo, Polaroid iliishitaki mwaka 1976, ikashinda mwaka 1985, na mwaka uliofuata Kodak ikaiacha biashara hiyo. Fidia iliyokuja kulipwa mwaka 1991 ilikuwa dola milioni 925. Land hakuwa tena katika kampuni wakati huo, na mwaka huo huo, tarehe 1 Machi, alifariki dunia. Miaka kumi baadaye kamera za dijitali zilikuwa zimefanya kwa wepesi jambo lile lile alilolitaka mtoto wa Santa Fe: picha ilionekana pale pale, nayo haikugharimu kitu. Polaroid ilifilisika Oktoba 2001. Jina liliuzwa na kununuliwa kama shamba lisilo na mwenyewe, na Februari 2008 ikatangazwa kwamba filamu haitatengenezwa tena. Mamilioni ya kamera nzima, zisizo na ugonjwa wowote, zilihukumiwa kufa njaa.

Kiwanda cha mwisho kilikuwa Enschede, mji wa Uholanzi ulio karibu na mpaka wa Ujerumani, ambao zamani ulisifika kwa kufuma nguo na ulikwisha ona viwanda vikifungwa. Juni 2008 ilifanywa karamu ya kuagana. Hapo walikutana watu wawili ambao pengine wasingalikutana mahali pengine. Mmoja alikuwa André Bosman, mhandisi aliyefanya kazi humo miaka mingi na aliyeijua mitambo yake. Wa pili alikuwa Florian Kaps wa Vienna, daktari wa elimu ya viumbe aliyefanya utafiti wake juu ya macho ya buibui, kisha akageuka kuwa mwuzaji wa filamu za Polaroid. Shahada za namna hiyo hazidharauliki: humfundisha mtu kukaa miaka mingi na jambo ambalo hakuna mwingine anayeliulizia. Mitambo ilikuwa karibu kuvunjwa iuzwe chuma chakavu. Pamoja na mwenzao wa tatu, Marwan Saba, walitafuta fedha, wakainunua kwa dola milioni 3.1, wakapanga jengo moja la kiwanda kile, na wakawarudisha wafanyakazi kumi wa zamani. Kampuni yao waliiita Impossible, yaani Isiyowezekana, wakifuata kauli ya Land mwenyewe kwamba kazi ya kushika ni ile iliyo muhimu dhahiri na inayokaribia kutowezekana.

Ikadhihirika kwamba jina halikuwa mzaha. Kununua mitambo si kununua kazi. Kemikali nyingi zilizotiwa katika filamu ya zamani hazikuwa zikitengenezwa tena popote. Waliozitengeneza walikuwa na mteja mmoja tu, na mteja alipoondoka wao nao walifunga. Negativu ilikuwa ikitoka Marekani, katika kiwanda ambacho nacho kilikuwa kimezimwa. Kanuni zote za Land zingalikuwa zimefunguliwa mezani, zingalikuwa sawa na kitabu cha mapishi katika mji usio na soko. Isitoshe, kiwanda kikubwa huugawanya ujuzi kama nyama ya arusi: huyu hujua kutandaza, yule kukata, yule kuchanganya, na hapana mmoja aliyewahi kuishika sahani nzima. Wale kumi hawakuombwa kukumbuka. Waliombwa kubuni upya, wakiwa wachache, kwa fedha kidogo, jambo lililowachukua mamia ya wakemia wa Land miaka mingi na mali isiyohesabika.

Tarehe 22 Machi 2010 walitoa filamu ya kwanza. Iliitwa nyeusi na nyeupe kwa heshima, maana ilielekea hudhurungi. Ile rangi nyeusi ya ajabu, pazia la kuizuia nuru, hawakuweza kuipata katika hali ya zamani. Kwa hiyo picha ilipotoka ilipaswa kufunikwa mara moja kwa kiganja au kwa kadi, kama mtu anayekinga kibatari kwenye upepo. Ikikawia kufunikwa, iliungua. Siku ya baridi ilitoka imefifia, siku ya joto ilitoka na wekundu. Unyevu uliobaki ndani ya jani uliweza kuzaa chembe ngumu ambazo zilitambaa na kuila picha kama mchwa, hata watumiaji wakajifunza kuzikausha picha zao kwa uangalifu kama dagaa. Filamu za rangi zilizofuata mwaka huo huo zilichukua muda mrefu kujitokeza kuliko kikombe cha chai kupoa na kunywewa. Na pakiti, ambayo zamani ilikuwa na majani kumi, sasa ilikuwa na manane, kwa sababu tabaka mpya zilikuwa nene zaidi.

Watu wakanunua. Hilo ndilo linalotaka kufikiriwa, kwa kuwa mwenye akili ya duka asingaliweza kulitabiri. Walilipa zaidi kwa picha chache na mbaya, huku katika mifuko yao mna simu zinazopiga picha bila hesabu. Wako waliosema kwamba madoa na kufifia ndivyo uzuri wenyewe, na kwamba kila picha ni ya pekee kama alama ya kidole. Maneno hayo yana ukweli, lakini kasoro ikiitwa sanaa na yule anayeiuza, yafaa mnunuzi aushike mfuko wake. Ukweli wa karibu zaidi ni kwamba wanunuzi wale walikuwa wakilipa karo ya watu wengine. Kila pakiti iliyoharibika ilimlipia mkemia siku moja zaidi ya kujaribu, na mnunuzi alilijua hilo, akarudi tena. Biashara za namna hii ni chache. Zinafanana zaidi na mji unaochanga kumsomesha kijana wao kuliko na dukani.

Kijana alisoma. Mwaka baada ya mwaka pazia likawa zito, rangi zikatulia, muda ukapungua. Kaps aliondoka mwaka 2013. Mwaka 2014 uongozi ulishikwa na Oskar Smołokowski, kijana wa Polandi, na mwaka 2017 jamaa yake wakalinunua jina lenyewe la Polaroid, ambalo kampuni ndogo ya Enschede ilikuwa imeishi bila ruhusa ya kulitumia. Septemba mwaka huo kampuni ikaitwa Polaroid Originals, na Machi 2020 ikaitwa Polaroid basi. Kwa hivyo asomaye jina hilo juu ya pakiti leo asidhani kwamba ni kampuni ya Land. Ni wale wa Isiyowezekana, wamevaa kanzu ya marehemu. Filamu yao ya rangi hujitokeza kwa robo saa hivi, na ile ya zamani ilijitokeza kwa dakika chache tu; bado mtumiaji anashauriwa kuikinga na nuru inapotoka; na majani bado ni manane. Anayeuliza kama ni filamu ile ile atajibiwa vizuri zaidi na kamera yake kuliko na mwanafalsafa. Kamera inaamka.

Lakini iko filamu nyingine ambayo haikupata karamu wala wakemia kumi. Ni ile ya kwanza, ya kubandua. SX-70 ilipokuwa ikiwafurahisha watalii na wasanii, filamu ya kubandua ilikuwa ikifanya kazi. Iliingizwa katika kamera za macho manne, zenye lenzi nne zilizopangwa mbili juu na mbili chini, zikatoa nyuso nne za mtu mmoja kwa mara moja. Afrika Mashariki ilizijua vema. Mpiga picha za pasipoti alimkalisha mteja mbele ya kitambaa cheupe, akabonyeza, akalivuta jani, akalipeperusha huku akiitazama saa, akalibandua, akazikata nne kwa mkasi. Mteja huyo hakutaka kumbukumbu. Alikuwa ametoka shamba kwa basi la alfajiri, na fomu yake ilitaka picha mbili au nne kabla dirisha la ofisi halijafungwa. Akiambiwa aje Alhamisi, Alhamisi ilikuwa na nauli yake. Uvumbuzi wa Land, uliozaliwa mapumzikoni kwa swali la mtoto, kwa mtu huyu ulikuwa na thamani inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi: ulikuwa nauli ya safari ya pili.

Wepesi huo haukuwa heri kwa kila mtu. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid huko Cambridge, Caroline Hunter, aliyekuwa mkemia, na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ya kupigia picha za vitambulisho ilikuwa ikitumika Afrika Kusini. Katika nchi ile picha ya papo kwa papo iliingia katika kitabu cha pasi, na mtu Mweusi aliyekamatwa bila kitabu hicho alilala korokoroni. Hapo nako hapakuwa na kungoja. Wafanyakazi wale walianzisha harakati ya kuwataka watu wasinunue bidhaa za Polaroid mpaka kampuni itoke nchi ile, na Hunter akafukuzwa kazi. Kampuni iliahidi kwamba haitaiuzia serikali ya makaburu. Mwaka 1977, ilipofichuka kwamba wakala wake aliendelea kuiuzia kwa siri, ikaacha kabisa kuuza huko. Katika vitabu vizuri vya picha vinavyosifu SX-70, habari hii hupewa kurasa chache au haipewi kabisa.

Filamu ya kubandua ilibaki mikononi mwa Wajapani baada ya Polaroid kuiacha. Fujifilm ilisimamisha ile ya nyeusi na nyeupe mwaka 2013, na mwaka 2016 ikatangaza mwisho wa ile ya rangi. Kaps, ambaye hakuwa tena Enschede, alijaribu kuwashawishi wasiizime, asifaulu. Huko Massachusetts watu wachache waliokuwa wakitengeneza filamu ya kubandua ya kamera kubwa, kwa jina la New55, walifunga mlango mwishoni mwa mwaka 2017. Mwaka 2019 Kaps aliomba umma umchangie atengeneze Vienna, kwa mikono, filamu ya kubandua yenye jani moja tu katika kila pakiti. Wapenzi wa kamera za zamani walimchangia. Jani la namna hiyo humfaa mtu anayetaka kupiga picha moja nzuri na kuitundika ukutani. Halimfai mtu mwenye foleni ya watu sita mbele ya ofisi ya uhamiaji.

Ndivyo ilivyokuwa: filamu iliyopendwa ilifufuliwa, na filamu iliyotumika tu iliachwa izikwe. Ni rahisi kuona dhuluma katika jambo hilo, hasa kwa mtu akumbukaye ni nani waliokuwa na kamera ya kupenda na nani waliokuwa na kamera ya kazi. Walakini hesabu haikubali huzuni nyingi. Kitu kipendwacho hakina badala, kwa hiyo wenyewe huingia hasara kukirudisha kilivyokuwa, hata kikirudi kiwete. Kitu cha kazi hupata badala siku ile ile badala inapokuwa rahisi zaidi. Mpiga picha za pasipoti alipoishiwa na pakiti yake ya mwisho alinunua kamera ya dijitali na printa ndogo, akakitundika kitambaa kile kile cheupe, akaendelea kumkalisha mteja juu ya kigoda kile kile. Picha nne zilitoka kwa dakika moja hivi, kama zamani, na za bei nafuu zaidi. Mteja alizichukua zikiwa bado na joto la mashine, akavuka barabara, akaliwahi dirisha, na jioni akarudi shamba kwa basi.